Nyonga Iliyokatika na Damu Niliyoingoja

Mimi naitwa Dativa, na kazi yangu ni kukimbia marathoni. Nasema "ni". Atakayetaka kunisahihisha anikimbize kwanza.

Kwetu ni Kabeza, hapa Kigali, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Mama yangu ana duka dogo la maziwa. Watu huingia, hunywa kikombe cha moto au cha mgando, hufuta midomo na kwenda zao. Mama alikulia Karagwe, Tanzania, na sisi watoto wake ametulea kwa Kiswahili cha huko, hata majirani wakituona wageni. Ndiyo maana haya nayaandika kwa lugha hii. Wasichana wenzangu wa mbio watasoma, na wasioweza watasomewa.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa haraka, na bado ni mtu wa haraka, ila zamani nilijisifia. Nikikutana na mtu nilimtazama visigino kabla ya uso. Nilijua nani anakanyaga vizuri, nani anaburuta, na nani Mungu alimpa miguu ya kukimbia halafu yeye akaipa kazi ya benki. Nilikaa kambini Gahanga, wasichana sita katika nyumba moja ya kupanga, na kocha wetu, Faustini, alikaa nyumba ya jirani na mkewe. Alfajiri tulitoka wote, tukashuka barabara ya Bugesera, bonde limejaa ukungu na watu wa mashambani wanaelekea kulima. Baada ya kilomita kadhaa mwili unapata moto, pumzi inakaa mahali pake, wala huhisi tena kama unafanya kazi. Sijui niwaelezeeje raha hiyo. Niliwahi kushinda mbio za hapa nyumbani, nikaenda kukimbia Ulaya katika miji ambayo hata sasa siwezi kutamka majina yake. Lakini nikiota, sioti hiyo miji. Naota ile barabara ya Bugesera.

Rafiki yangu mkubwa kambini alikuwa Zaituni, binti wa fundi cherehani wa Nyamirambo. Kwao pia wanaongea Kiswahili, kwa hiyo sisi wawili tuliwasengenya wengine mbele yao bila wasiwasi.

Sasa niseme jambo ambalo kambini kwetu hakuna aliyelifundisha na kila mtu alilijua. Msichana akizidisha mazoezi, siku zake za mwezi huanza kuruka, kisha hukoma. Sisi tulisema ameiva. Maana yake mwili umekuwa mwepesi, hauna kazi nyingine ila mbio, sasa huyu ni mkimbiaji wa kweli. Aliyekuwa bado anaweka pedi kwenye begi lake tulimcheka. "Wewe bado mbichi, sha," tulimwambia, naye aliona aibu kweli, akapunguza ugali.

Mimi niliiva mapema, nikafurahi. Mama alipokuwa akiniletea maziwa kambini, nilimshukuru, nikambusu, na akishapanda basi niliyagawa kwa jirani kwa sababu yana mafuta. Mtoto wa mwenye maziwa nilikuwa nakunywa chai ya rangi. Kocha hakujua habari za siku zetu, kwani ni nani angemwambia? Kwetu hayo si mambo ya kuzungumza na mwanaume, hata awe baba yako.

Maumivu yalianza pale paja linapokutana na kinena, upande wa kulia. Mwanzoni yalikuja baada ya mbio, yakaondoka nikilala. Halafu yakaanza kuja katikati ya mbio. Halafu yakaja nikipanda ngazi, nikivaa suruali, nikigeuka kitandani. Zaituni alinisugua dawa ya kuchua mpaka ngozi ikababuka. Kocha aliniona nachechemea wakati wa kupasha mwili.

"Dativa, mguu iko namna gani?"

"Iko sawa, Kocha."

"Iko sawa ya kweli, ao iko sawa ya wakimbiaji?"

"Iko sawa tu."

Alinitazama, akaacha. Wakimbiaji wote husema hivyo, na aliyezoea kuumwa na mwili kila siku hawezi kujua kirahisi ni uchungu gani wa kawaida na upi unamwonya.

Nilianguka katika marathoni ya hapa mjini. Nilikuwa wa pili, namwona wa kwanza mgongo, na ninajua kabisa kwamba mlima unaofuata ni wangu. Tulipokaribia njia panda ya Sonatubes nikasikia kitu kimekatika ndani ya nyonga, kama kuni kavu inavyovunjwa kwa goti. Nilitaka kukanyaga, mguu haukunishika. Nikaanguka kwa ubavu, na nawaambia bila kuficha, nilijikojolea. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia nje, vidole vinatazama duka la kando ya barabara.

Dereva mmoja wa pikipiki alikuja mbio. "Dada, panda, mimi nakupeleka hospitali haraka. Kofia iko!" Mimi nimelala mguu umegeuka, yeye ananivalisha kofia ya pikipiki. Hata katika uchungu ule nilitaka kucheka. Mama mmoja akatoka dukani, akanifunika kiuno kwa kitenge chake ili watu wasione nguo yangu iliyolowa. "Ihangane, mwana wanjye," alinibembeleza kwa Kinyarwanda, yaani vumilia, mwanangu. Alinishika kichwa mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Sijui jina lake, na kitenge chake kilikatwa hospitali.

Shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imevunjika. Walinipasua wakaifunga kwa skurubu. Siku iliyofuata akaja daktari wa mifupa, mwanamke, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, mtu asiyezunguka. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda.

"Una miaka ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Huu mfupa yako ni ya bibi. Haikuvunjika jana. Ilianza kupasuka zamani, wewe ukaendelea kuipiga chini tu." Halafu akaniuliza, "Siku zako za mwezi zilikuja lini mara ya mwisho?"

Nilimwangalia Mama. Nikasema karibu miaka mitatu.

Mama alisimama. Alitazama dirishani, akarudi kunitazama mimi. "Dativa. Hata ng'ombe akipitisha mwezi wake bila joto, mwenyewe anamwita daktari wa mifugo. Wewe miaka mitatu?"

Daktari ndiye aliyemjibu. "Mama, hawa wasichana wote wanafikiri ni dalili ya nguvu. Mwili si mjinga. Ukiinyima chakula, inazima kwanza kitu inaweza kuishi bila yake. Inazima uzazi. Na hiyo damu ikizimika, mfupa nayo inabaki bila ulinzi, inaanza kuliwa kidogo kidogo."

Mimi swali langu lilikuwa moja tu, na mtanisamehe, hata nyonga yenyewe sikuiulizia. "Nitakimbia tena?"

"Sijui," alisema. "Nitakuruhusu kwa masharti mbili. Mfupa ipone, na siku zako zirudi zenyewe. Naweza kukupa vidonge, damu ikatoka, lakini hiyo itakuwa damu ya vidonge. Mimi nataka yako."

"Na nikikimbia kabla?"

"Tutaonana hapa na mguu ya kushoto."

Nilirudi Kabeza kwa magongo. Mama aliniogesha, alinivalisha chupi, alinishikia beseni. Mtu aliyekwisha kuvuka bahari kwa miguu yake, ananyanyuliwa chooni kama mtoto! Lakini aibu huzoeleka. Ambacho hakikuzoeleka ni hamu ya barabara.

Chumba changu kiko upande wa njia. Kila alfajiri niliwasikia wakimbiaji wakipita. Nilijua kwa mlio tu: huyu amechoka, huyu viatu vimeisha, hawa wawili wanashindana na wanajifanya hawashindani. Miguu yangu ilitikisika chini ya blanketi. Nilitamani hata yale niliyoyachukia, kucha zilizong'oka, jasho la chumvi machoni, kocha akipiga kelele. Zile Jumapili barabara zinapofungwa magari na Kigali nzima inatoka kukimbia, Mama aliniwekea kiti mlangoni nipate hewa. Alipita bwana mmoja mnene, visigino vinapiga ovyo, mikono inahangaika kama mtu anayefukuza nyuki, anacheka na mkewe. Nilimwonea wivu mpaka nikalia. Nilimwonea wivu mtu anayekimbia vibaya kuliko watu wote niliowahi kuwaona.

Kula nako kulikuwa vita. Mnaweza kudhani kula ni rahisi. Kikombe cha kwanza cha maziwa yenye mafuta yake kilinikaa kooni, nikaona kila fundo linakwenda kukaa mapajani. Mwili ulianza kujaa. Matiti yalirudi, mapaja yakagusana, na mimi nikaogopa mapaja yangu mwenyewe. Nikawa najificha nisile.

"Kunywa, mwanangu," Mama alisema. "Aliyekonda kwa ajili ya mbio na hakimbii, huyo amekonda bure."

Wateja nao hawakunihurumia. "Yoo! Mtoto wa mwenye maziwa ndiye wa kuvunjika mfupa? Basi sisi wanywaji tumekwisha!" Mama aliwajibu kwamba mtoto wa mwenye maziwa hakuwa akinywa, na wao pia walipe haraka watoke. Nilikuwa nacheka, halafu nakunywa.

Magongo niliyaacha. Nikaanza kutembea, kwanza mpaka dukani, baadaye mpaka barabara kubwa. Picha zilionyesha mfupa unashika. Lakini sharti la pili halikutimia. Kila nikienda chooni nilitazama, na kila mara hakuna kitu. Fikirini kichekesho hicho. Kitu nilichokuwa nikikilaani tangu nina miaka kumi na minne, kitu nilichoshangilia kilipoondoka, sasa nakiomba kwa Mungu kwa magoti, na nyonga yenyewe inaniuma. Asubuhi Mama aliniangalia tu usoni, nikatikisa kichwa, akanijazia kikombe. Miezi ilipita hivyo. Zipo siku nilijiambia kwamba mlango ule umefungwa, kwa mbio na kwa watoto pia, na kwamba mimi mwenyewe niliufunga nikipiga makofi.

Kisha mchana mmoja nilikuwa naosha vikombe nyuma ya duka, tumbo likaniuma chini. Maumivu ya zamani, mazito, niliyokuwa nimeyasahau. Nilikwenda chooni nikaona doa. Nikakaa pale pale, nikalia na kucheka, na jirani akagonga ukuta akauliza nani amekufa. Nilimwita Mama, nikamnong'oneza. Alipiga vigelegele, akarudi dukani akamimina maziwa ya bure kwa kila aliyekuwepo. Walipouliza kuna sherehe gani, alisema, "Kunyweni tu, mambo ya wanawake hamtayaweza."

Daktari alisubiri damu ije tena, na tena, ndipo akaniruhusu. Mbio yangu ya kwanza ilikuwa ya polepole mno, kama mtu anayepita asimwamshe mtoto. Lakini nilikimbia! Nilirudi Gahanga. Zaituni alinikumbatia akaninyanyua juu, akanishusha haraka akisema nimekuwa mzito. Nilirudi bonde lile na ukungu ule. Kama mtu anaweza kuikumbatia barabara, mimi ningeilalia.

Kasi ilirudi taratibu, halafu ikarudi kwa nguvu. Kocha akanipatia nafasi katika marathoni ya nje, kubwa kuliko zote nilizowahi kukimbia. Mkimbiaji wa akiba, nisipoweza kwenda, alikuwa Zaituni. Nililala na viatu vya mbio chini ya mto, mwanamke mzima.

Mwezi ule damu haikuja. Nikasema ni wasiwasi wa safari. Mwezi uliofuata haikuja tena. Nilikuwa nakula, ndiyo, lakini mazoezi yalikuwa yameongezeka sana, na mimi nilikuwa nimeanza kuacha nusu sahani tena, nikijidanganya kwamba nimeshiba. Mwili ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nakimbia vizuri kuliko nilivyokimbia kabla ya kuvunjika. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilimwambia Zaituni tukiwa tunafua nguo.

"Basi umeiva tena, dada," alisema. "Nyamaza. Imebaki kidogo. Kimbia, ukirudi utakula hata ng'ombe mzima."

"Na mfupa?"

"Mfupa una vyuma. Nani atakuuliza?"

Alisema kweli. Hakuna ambaye angeniuliza. Mama alikuwa Kabeza na daktari alikuwa na wagonjwa wake. Nilitaka ile mbio jamani. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilijua kwamba kwa umri wangu mwaliko kama ule huenda usije tena. Siku ile nzima, moyoni nilikuwa mtu wa kwenda, si wa kubaki.

Asubuhi tukakaa kwenye nyasi tukijinyoosha, Kocha anasoma ratiba. Alipotaja jina langu nikasikia mdomo wangu unasema, "Kocha, siwezi kwenda. Siku zangu za mwezi zimekoma tena."

Wasichana wote walitazama chini. Mmoja aliziba uso. Kocha ni mtu wa Kinyarwanda. Akihamia Kiswahili ujue ana wasiwasi au amekasirika.

"Tangu lini?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Miezi miwili."

"Na wakati ule mguu inavunjika?"

"Karibu miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Na mimi hamuniambie?"

"Wewe ni mwanaume, Kocha."

"Mimi ni kocha!" Sauti ilimkatika. Alitupa ratiba chini, akageuka, akatembea kidogo, akarudi. Alipoongea tena alikuwa mpole. "Mwingine ni nani?"

Jeanine, mdogo wetu kuliko wote, yule tuliyekuwa tukimwita mbichi mpaka akaacha kula ugali, akanyoosha mkono nusu. Akafuata mwingine. Na mwingine. Niliona mikono ile nikakumbuka kwamba nilikuwa nimewacheka wote hawa kwa zamu.

Zaituni hakunyoosha. Mimi nikibaki, anayekwenda ni yeye. Alikuwa anang'oa nyasi moja moja. Kocha alimtazama, na mimi nilimtazama, na nisingemlaumu kama angenyamaza. Kwa asiyejua, mwanamke wa Kiislamu akiwa katika siku zake hafungi Ramadhani. Huzilipa siku hizo baadaye. Zaituni alisema bila kuinua uso, "Kocha, mimi nimefunga Ramadhani mbili nzima, sina hata siku moja ya kulipa."

Kocha alihitaji muda kidogo kuelewa. Alipoelewa alikaa chini kwenye nyasi kati yetu. "Leo hatukimbii," alisema. "Mama wa nyumbani kwangu amepika viazi na maharage. Tunaenda kula wote, na mimi nitakaa pale nione sahani."

Tulikula. Wengine walilia wakila. Baadaye alitupeleka kwa yule daktari, wote sita, na daktari alipotuona mlangoni alisema, "Hii ni kambi ao ni harusi?"

Nafasi ile ilikwenda kwa mtu wa kambi nyingine. Mimi niko hapa. Damu yangu imerudi, ya Jeanine pia, ya Zaituni bado tunaingoja pamoja. Nakimbia kwa ruhusa, na marathoni sijakimbia tena tangu ile ya Sonatubes. Naitamani kila siku inayopambazuka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, daktari aliyekataa kunidanganya, Kocha Faustini, na mama wa kitenge popote alipo. Nawe msichana unayekimbia, damu yako ikiacha kuja, usishangilie na usikubali kupongezwa. Sema. Mwambie mama, mwambie daktari, mwambie kocha hata akiwa mwanaume, aibu itapita. Nanyi makocha, ulizeni kabla hatujaanguka. Kuleni, wadogo zangu.

Mkiniuliza kama nilijuta kubaki, nitawaambia ukweli. Siku ya mbio zile nilizitazama kwenye simu, dukani kwa Mama, katikati ya wateja. Walipoanza kukimbia nililia kwa sauti, watu wakaacha vikombe vyao wakanitazama. Nililia mpaka mwisho wa kilomita zote. Lakini nililia nimesimama, kwa miguu yangu yote miwili.